Maji Chini ya Kitanda Chetu

Mke wangu alikuwa na sikio. Sijui nianzie wapi pengine.

Sasa ni miezi saba tangu nimzike. Watu wa safu yetu walimwita Mama Sikio, na watoto waliozaliwa juzijuzi wanadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mimi nilimwita mama watoto. Tukiwa wawili sikumwita chochote, maana alikuwa amekwisha geuka kabla sijafungua mdomo.

Si mtu wa maneno mimi. Nilikuwa seremala, na mpaka leo wananiita Randa. Kwenye karakana neno moja linatosha: shika, achia, angalia kidole. Mashine ya kupasulia mbao ilinila masikio yote mawili nikiwa bado na nywele nyeusi. Anayetaka nimsikie inabidi apaze sauti. Kwa hiyo nyumbani kwetu yeye alisikia kwa niaba ya wawili. Mlango ukigongwa, ananigusa bega. Mvua ikianza, ananigusa bega. Siku hizi watu wanagonga, wanachoka, wanakwenda zao.

Safu yetu ina nyumba kumi na mbili, ukuta kwa ukuta, zimepanda kilima. Bomba ni moja. Linaingia chini penye mita, linapanda nyumba kwa nyumba mpaka ya mwisho juu. Kila nyumba ina koki yake nje, lakini mita ni hiyo moja ya wote. Sisi tuko nyumba ya saba.

Kitanda chetu nilikijengea ndani ya chumba. Mbao za mvule, matendegu mazito kama mapaja ya mtu. Hakipiti mlangoni, na ndivyo nilivyotaka. Tendegu la kichwani, upande wake, nililizamisha kwenye sementi ya sakafu ingali mbichi, ili kitanda kisitikisike wala kisilie. Mwenzangu wa karakana alikuja kukitikisa, kikagoma. Akasema, "Umefanya la maana, Randa. Majirani hawatajua kitu." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwezi huohuo wa kwanza akaanza kuniambia habari za sikio lake.

"Nikilaza kichwa linaimba," alisema.

"Linaimba nini?"

"Sss. Kama mtu anapepeta mchele nyumba ya tatu."

Tulikwenda zahanati. Mganga akamulika na kitochi, hakuona kitu. Akasema ni damu, watu wengine damu yao ina kelele. Mke wangu akakubali. Akailala damu yake yenye kelele miaka ishirini na minane. Kumbuka hilo.

Alikuwa mpishi kwenye shule ya bweni. Miaka kumi na tisa aliwapikia wasichana mia tatu, na sufuria zao mtu mzima angeweza kuogea ndani. Mwiko wa dukani haukufika chini. Nikamchongea mmoja kwa mabaki ya mvule wa kitanda, mrefu kama mpini wa jembe. Siku moja mchana, wasichana wamekwisha kula, aliuegemeza mwiko kwenye bomba la ukutani, naye akaegemeza shavu kwenye mwiko apumzike.

Jioni alinikuta nanoa patasi. "Leo nimesikia sikio langu ndani ya bomba la shule," akaniambia.

"Umeshinda na moshi."

"Sikiliza, bwana. Ni sauti ileile. Sss. Bomba nalo lina damu?"

Kesho yake akamweleza mkuu wa shule. Mkuu alicheka kwa adabu. Keshokutwa akamweleza tena, na siku ya tatu, na siku ya nne mkuu akaita mafundi ili apate amani. Walichimba chini ya ghala la unga. Bomba lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na udongo wote wa pale ulikuwa uji.

Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Mafundi watatu wenye vifaa vya chuma walikuwa wamesimama, wanamwangalia mpishi mwenye mwiko. Nami nikasimama nikamwangalia, kama ndiyo kwanza naletewa mke.

Alipostaafu akawa anaisikiliza safu yetu. Hakuna aliyemtuma. Kila Ijumaa saa nane mchana, watu wamepumzika na mabomba yamefungwa, alitoka na mwiko begani, kuanzia nyumba ya kwanza. Anagusisha ncha kwenye bomba, anaweka shavu, anafumba macho. Usoni pake panatulia, kama mtu anayesomewa barua na anayempenda. Nilikuwa namfuata nyuma nikijifanya nina safari zangu. Ukweli nilitaka tu kumwona.

Hakumgombeza mtu. Anabisha hodi, anasema, "Mwenye nyumba, bomba lako linakuita."

"Haya, linasema nini leo, Mama Sikio?"

"Linasema boya la tangi la choo limechoka. Maji yanapita mchana kutwa, nawe umekaa tu."

"Na mume wangu je? Halijasema yuko wapi?"

"Hilo yaulize mabomba ya mtaa wa pili."

Wanacheka, wanatengeneza. Asiyetengeneza anabishiwa hodi mara ya pili. Baada ya hapo mke wangu anavaa viatu, anakwenda mwenyewe ofisi ya maji kutoa taarifa. Wale wa dirishani walimwambia alete barua. Akawajibu, "Barua ndiyo mimi, nisomeni." Akakaa kwenye benchi lao na mwiko magotini mpaka fundi wa maji, mnene mmoja mwenye kofia, akainuka kumfuata. Ikawa akiingia tu mlangoni fundi anatafuta kofia yake.

Miaka minne iliyopita maji ya juu yakaanza kupotea.

Nyumba ya mwisho ni ya Kipaza, mwenyekiti wetu wa kamati ya maji. Tulimwita hivyo kwa sababu akikusalimia wewe, mtaa mzima unaitikia. Bomba lake likawa linakohoa hewa. Ofisi ya maji ikaja, ikatuambia fungeni mabomba yote. Tukafunga. Ile mita ina kinyota chekundu ndani ya kioo, kinazunguka maji yakipita. Nyumba zote zimefungwa, na kinyota kinazunguka.

"Maji yanakwenda mahali," fundi wa maji alisema. "Ama yanavuja, ama kuna mtu amejiunganishia bomba la siri. Mna wiki tatu. Mkishindwa kuonyesha yanakokwenda, tunafunga safu nzima."

Watu hawakuhitaji wiki tatu. Siku ileile macho yote yalikwenda nyumba ya nne, kwa mfua nguo.

Tulimwita Povu. Mjane, ana watoto watatu, anafua nguo za watu kwenye mabeseni sita uani. Mikono yake ilikuwa imekunjamana hata Jumapili. Mtu anayeshinda ndani ya maji, maji yakipotea ataulizwa nani? Kipaza alisema wazi ana bomba la siri. Nami nikasema hivyohivyo. Nilikuwa mjumbe wa kamati, mimi ndiye niliyetunza spana ya koki. Nilisema mbele za watu: "Maji hayana miguu. Yameishia kwenye mabeseni."

Mke wangu alipita na mwiko nyumba zote kumi na mbili. Aliporudi alikuwa amechoka.

"Linaimba kila mahali," alisema. "Kidogo kidogo, kama mtu aliyejificha nyuma ya watu. Kwa Povu ni hafifu. Hapa kwetu ndipo linaposikika zaidi, ila hapa siwezi kuapa. Nyumbani kwangu hili sikio langu linaniingilia."

Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Sasa niseme. Mwaka niliojenga kile chumba, sururu yangu ilipiga bomba la safu. Siku hiyo maji hayakuwepo, hakuna aliyeona. Nilikuwa kijana, nimejitangaza fundi, na bomba lililovunjwa lilikuwa la watu wote. Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufunga kama bendeji, nikakaza kwa waya, nikamwaga sementi juu. Mke wangu alikuwa kazini. Juu ya sementi hiyo nikajenga kitanda. Sikumwambia yeye wala mtu yeyote. Maji yaliporudi nikasubiri siku tatu, sakafu ikawa kavu, nikajipongeza.

Kwa hiyo alipoyasema yale ya nyumbani kwetu, nilikumbuka. Nikajiambia kazi yangu ni nzuri, ingekuwa mbaya ningejua zamani. Nikaendelea kumtazama Povu.

Wiki hiyohiyo binti yetu akajifungua, mke wangu akaenda kumlea. Hakuwa mtu wa kulala nje. Alilala nje kwenye misiba tu, na msibani nani anasikia sikio lake? Safari hii alikaa wiki mbili.

Yeye hayupo, tukachimba uani kwa Povu. Nasema tukachimba, na jembe nilishika mimi. Tuliyahamisha mabeseni yake, tukatoboa ua kama shamba la viazi. Hakukuwa na kitu. Povu alisimama mlangoni na mtoto wa mwisho mgongoni.

"Mkimaliza na uani mtachimba na tumboni?" aliuliza. "Chimbeni. Chai niliyokunywa asubuhi nayo ilitoka bombani."

"Punguza mdomo," Kipaza alimwambia.

"Nipunguze mdomo, nipunguze maji, nipunguze na watoto? Nitajieni wa kuanza naye."

Kutoona kitu hakukutusaidia. Watu wakasema basi bomba lake liko chini zaidi. Kikao kikawekwa Jumamosi: koki ya Povu ifungwe kabisa, ofisi ya maji ionyeshwe kuwa tumechukua hatua. Mfua nguo asiye na maji atahama, hilo kila mtu alilijua, na wengine ndilo walilolitaka. Kufikia Alhamisi alikuwa amekwisha anza kurudisha nguo za watu zikiwa chafu.

Mke wangu alirudi Ijumaa asubuhi. Aliweka mfuko chini, hakuniambia hata mtoto anafanana na nani. Alisema, "Kule sikio langu lilinyamaza."

"Limepona?"

"Siku kumi na nne. Nikilaza kichwa, kimya. Nililia usiku wa kwanza, nilidhani nimekuwa kiziwi kama wewe." Akaingia chumbani. Nikamfuata. Alilala upande wake na viatu miguuni, akafumba macho. Akakaa. Akalala tena. Akashuka, akaweka kiganja juu ya tendegu lile lililozama sakafuni, polepole, kama unavyomshika mgonjwa paji la uso.

"Baba watoto," akasema. "Chini ya hapa kuna nini?"

"Udongo."

"Lala hapa."

Miaka ishirini na minane sikuwahi kulala upande wake. Nililala. Mto ulikuwa na shimo la kichwa kidogo kuliko changu.

"Sisikii kitu. Unajua masikio yangu."

"Achana na masikio. Ng'ata."

"Ning'ate nini?"

"Kitanda. Hapo kichwani. Ng'ata mbao yako uliyoiranda mwenyewe."

Nilidhani safari imemchosha akili. Nikang'ata.

Sijui niielezeje. Miaka mingi ndani ya kichwa changu hapakuwa na kitu ila ule mvumo wa mashine uliobaki. Na mara, kupitia menoni, kupitia taya, ikaja. Sss. Haikutoka nje. Ilikuwa ndani ya fuvu langu, nyembamba, haina mwanzo wala pumzi, imekuwa ikiendelea hivyo watoto wetu wakizaliwa juu yake, wakiumwa juu yake, sisi tukigombana na kupatana juu yake. Nilisikia alichokuwa akikisikia. Niliachia mbao, ikakatika. Nikang'ata, ikarudi. Nilifanya hivyo labda mara tano, kama mtoto na swichi ya taa.

Nikaelewa na mengine. Kitanda changu chote kilikuwa mwiko. Tendegu lilinywa sauti sakafuni, likamtilia mke wangu sikioni kila siku ya Mungu, mpaka akaijua sauti ya maji yanayopotea kuliko mtu yeyote aliye hai. Ghala la unga, matangi ya vyoo, mabomba yote aliyoyaita wagonjwa, aliyatambua kwa kuyalinganisha na hili. Kosa langu ndilo lililomfundisha.

Nilipokaa alikuwa ananiangalia.

"Nilifunga vizuri," nikasema.

Hapo akajua lote. Hakupiga kelele. Aliketi kando yangu, tukakaa kama watu wanaosubiri gari.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliona haya."

"Miaka yote hii?"

"Haya haikuisha. Tutengeneze wenyewe," nikamwambia. "Taratibu. Nakata sakafu wiki ijayo, kinyota kitasimama, hakuna atakayejua."

"Na Povu?"

"Watu watasahau."

"Yeye atasahau?" Akavua viatu, akavipanga. "Kesho ni kikao. Usiku mwema wa mchana, mzee wangu." Akageukia ukutani, akalala juu ya maji.

Kikao kilifanyika penye mita. Watu walisimama kwenye ngazi za nyumba zao. Povu alikuwa chini peke yake, amewafungia watoto ndani. Kipaza alieleza kwa ile sauti yake, kisha akanigeukia: "Mzee Randa, spana unayo. Nenda kafunge."

Nilianza kutembea. Mungu anisamehe, nilianza. Hatua nne au tano, nahesabu mpaka leo.

Mke wangu akasema, bila kupaza sauti, nami nikamsoma midomoni, "Maji yako chini ya kitanda changu."

Kipaza akacheka. "Mama Sikio, leo umesikia vibaya."

"Leo nimesikia vizuri. Nimelala juu yake miaka ishirini na minane. Natoa taarifa. Njooni mchimbe kwangu."

Hakusema nani alivunja. Alisema kitanda changu, kwangu, nimelala. Kama angetaja jina langu ningekasirika, na hasira ingenisaidia kusimama palepale. Hakutaja. Ni kama alifungua mlango, akakaa pembeni nipite mwenyewe. Nilimwangalia mwanamke yule mfupi, kilemba kimekaa upande, mwiko mkononi, nikahisi kimo changu chote kimeniishia.

"Nilivunja mimi," nikasema.

"Sema kwa nguvu!" mtu akapiga kelele toka juu.

Kiziwi naambiwa niseme kwa nguvu. Nikasema kwa nguvu. Nikasema na mpira wa baiskeli, na waya, na sementi. Sijawahi kusema maneno mengi vile kwa siku moja. Nilipomaliza hakuna aliyetukana. Ingekuwa nafuu.

Povu alinijia. Nikasubiri kofi. Aliitoa spana mkononi mwangu, akaipima uzito. "Shemeji," akasema, "hii kitu nzito hivi ulikuwa unaibeba kuja kwangu?"

Fundi wa maji alikuja Jumatatu na kofia yake. Kitanda hakikupita mlangoni. Nilichukua msumeno nikakikata mwenyewe. Mvule mkavu unapokatwa unanuka kama siku ulipoletwa. Mke wangu alishika upande wa pili ili mbao isipasuke. Tendegu lililozama nililikata usawa wa sakafu.

Halafu wakavunja sementi, na watu wote waliojazana chumbani wakarudi nyuma.

Hapakuwa na udongo. Chini ya sakafu yetu kulikuwa na chumba kingine. Maji yalikuwa yamekichimba miaka yote hiyo, chembe kwa chembe, mviringo kama tumbo la mtungi, mtu angeweza kukaa humo na magoti yake. Kuta zake zilikuwa laini. Chini kabisa kulikuwa na mchanga mweupe uliooshwa na kuoshwa, na katikati yake maji yalikuwa yanapanda na kuuchezesha, safi kama kioo. Bendeji yangu ya mpira bado ilikuwa hapo. Ilitoa maji upande mmoja kwa uzi mwembamba, wala hayakuwa na haraka. Kitanda, watoto, miaka, vyote vilikaa juu ya sementi ya vidole vinne na chini yake hakuna kitu.

Fundi wa maji alivua kofia. "Mngeamka siku moja mko humu," alisema.

Kipaza aliinama akatazama. Kwa mara ya kwanza nilimwona akinong'ona. Mke wangu ilibidi aniambie alichosema: "Alisema, pazuri."

Palikuwa pazuri kweli. Ndilo lililonitisha.

Mke wangu alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akaugusa ule mchanga unaocheza. "Kumbe ni wewe," akasema. "Na mimi naisingizia damu yangu."

Wakafunga maji, wakaweka kiungo cha chuma, wakajaza shimo kwa mawe na kokoto, mikokoteni tisa. Jioni kwa Kipaza maji yalitoka kwa nguvu hadi yakamlowesha shati. Povu alikuja na beseni kuchukua shuka zetu zilizojaa tope. Nilikataa. Akazivuta. "Acha, shemeji. Nimefua nguo za kila aina. Za mwizi wa maji bado." Mke wangu akacheka, naye akacheka, wakacheka mpaka nami nikaona aibu yangu imekuwa ndogo kidogo, ya kubebeka.

Kamati ilininyang'anya spana, ikampa Povu. Ni haki. Anayo mpaka leo. Na ua wake niliusawazisha kwa mikono yangu, nikamjengea na meza ya kufulia, asiiname.

Usiku ule wa kwanza mke wangu hakulala. Nilimwuliza kuna nini. Alinisemea karibu na taya, mahali ambapo nasikia: "Kimya sana." Ilimchukua mwezi kukizoea. Ijumaa aliendelea kutoka na mwiko. Nilidhani bila sauti ya kulinganishia atapotea. Hakupotea. Alikuwa nayo tayari.

Moyo wake ulisimama mwezi wa tatu mwaka huu, akiwa anachagua mchele. Sitasema zaidi hapo.

Mwiko wake uko ukutani. Una sehemu iliyong'aa pale shavu lilipokaa, siigusi. Kutoka kwenye lile tendegu nililolikata nilichonga fimbo nyingine, fupi, nene mwishoni, na Ijumaa saa nane natoka. Naweka ncha kwenye bomba, nang'ata. Watoto wananiita Babu Panya. Wiki iliyopita nilibisha hodi nyumba ya tisa, nikamwambia mwenye nyumba bomba linamwita. Akasema, "Na wewe tena, mzee?" Lakini alitengeneza.

Nikimaliza nyumba ya mwisho nashuka penye mita. Povu ananisubiri na spana kiunoni. Anapaza sauti ambayo hata mimi naisikia: "Fungeni!" Nyumba kumi na mbili zinafunga. Tunainama juu ya kioo, sisi wawili, vichwa vinagusana.

Ijumaa hii alipita mtu mgeni amebeba mfuko. Alisimama, akainama naye.

"Mnaangalia nini?"

"Kinyota," Povu akasema.

"Kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu."

Yule mtu akasubiri kidogo. "Kitaanza lini?"

"Kisianze," nikasema.

Alituangalia, akachukua mfuko wake, akaenda. Sisi tukabaki. Kinyota chekundu kilikuwa kimesimama ndani ya kioo, hakitikisiki hata kidogo. Povu alinigusa bega.